Injini Kama Ilivyotoka Kiwandani: Uchambuzi wa Daawa Isiyokwisha

Katika mashindano ya mbio za dragi, ambamo magari mawili husimama sambamba mbele ya taa na kukimbia njia iliyonyoka ya robo maili, yaani mita 402, hakuna daawa iliyoishi umri mrefu wala iliyopandisha hamaki za watu wenye adabu zao kama daawa ya nini hasa kistahilicho kuitwa injini ya kiwandani. Mtu akisema kwamba gari lake limekwenda robo maili kwa sekunde 11 na injini yake ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, wasikilizaji hawatamwuliza kwanza habari za dereva wala za hali ya hewa. Watamwuliza ni kamshafti gani imo ndani, silinda hedi zimechongwa au hazikuchongwa, kabureta ni ya nani, na matairi yana upana gani. Na aghalabu kabla majibu hayajaisha, nusu yao watakuwa wamekwisha kukata hukumu kuwa msemaji ni mkweli na nusu kuwa ni mwongo, ilhali wote wamesikia habari moja.

Daawa hii si ya upuuzi, maana juu ya jibu lake yamejengwa mambo matatu ambayo wanadamu hawayafanyii mzaha: insafu, heshima na mali. Insafu, kwa kuwa mashindano yaliyogawanywa kwa madaraja hayana maana ikiwa mmoja ameingia na injini aliyoinunua ikiwa ndani ya gari na mwenzake ameingia na injini aliyoichonga majira mazima ya baridi. Heshima, kwa kuwa kushinda kwa chombo ambacho kila mtu angeweza kukinunua ni sifa ya fundi na dereva kuliko kuwa sifa ya mkoba. Na mali, kwa kuwa gari la miaka ya 1960 lililo bado na injini yake ya asili huuzwa kwa thamani ambayo gari la aina ile ile lililobadilishwa injini halikaribii. Walakini ukiwasikiliza wabishi kwa utulivu utaona kwamba wengi wao hawahitilafiani juu ya mambo yenyewe. Wanapimia mizani mbalimbali: kundi moja hupima kwa asili ya vyuma, la pili kwa vipimo vilivyoandikwa, la tatu kwa sura ya nje, na la nne kwa uzima wa sehemu ya chini ya injini. Kila mizani ina hoja yake na ina taksiri yake, na inafaa kuzipitia moja baada ya nyingine kabla ya kutoa hukumu.

Chimbuko la mambo haya ni Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Wally Parks, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Hot Rod, aliunda mwaka 1951 chama cha National Hot Rod Association, kijulikanacho kwa kifupi kama NHRA, kwa nia ya kuwatoa vijana katika mbio za barabarani zenye kuhatarisha roho za watu na kuwapeleka katika viwanja vilivyokubaliwa na serikali za miji. Mwaka 1953 chama kikafanya shindano lake rasmi la kwanza huko Pomona, California, na mwaka 1955 mashindano ya kwanza ya taifa huko Great Bend, Kansas. Pembeni ya magari yaliyoundwa kwa mikono, yasiyofanana na chochote kiuzwacho dukani, palitengwa madaraja ya gari la kawaida, lile ambalo mwenyewe alikwenda nalo kazini Ijumaa na Jumapili akalipeleka kiwanjani baada ya kulivua vifuniko vya magurudumu. Madaraja hayo yalikuwa mlango wa mtu wa kipato cha kadiri, na kwa hiyo yalivuta umati. Na umati ulipokuwa mkubwa, hapakuwa na budi kuandika bayana kilichoruhusiwa na kilichokatazwa, kwa sababu heshima ya mdomo haitoshi kuwatenganisha watu mia wenye kutaka ushindi mmoja.

Rai ya kwanza, ya wale wanaopima kwa asili, ndiyo nyepesi kuliko zote kuisema na nzito kuliko zote kuifuata. Wao husema kwamba injini ya kiwandani ni ile iliyofungwa na wafanyakazi wa kiwanda na haikufunguliwa tena. Chochote kilichoguswa baada ya hapo, hata kama ni ringi za pistoni, kimeiondoa katika hadhi yake. Rai hii ina usafi unaopendeza, lakini haiishi na dunia ilivyo. Injini hulika. Silinda zake hupanuka kwa msuguano, beringi zake huchakaa, springi za valvu hulegea, na baada ya miaka 50 hakuna injini iliyopata kukimbizwa sana ambayo haikufanyiwa ovaholi. Na ovaholi maana yake ni kuchonga silinda kidogo, kutia pistoni za ovasaizi, na kununua pistoni hizo kwa yeyote anayezitengeneza leo, kwa kuwa yule wa awali aliacha kuzitengeneza zamani. Mwenye kushikilia rai hii mpaka mwisho wake atabaki na injini za makumbusho, ambazo hazitapanda kiwanjani asilani.

Fauka ya hayo, kiwanda chenyewe hakikuwa na usawa ambao watu wa rai hii wanautukuza. Kila kipimo katika mchoro wa mhandisi huwekwa pamoja na nafasi ya kupungua au kuzidi, kwa sababu mashine za kumwaga na kuchonga vyuma kwa maelfu haziwezi kurudia jambo moja bila tofauti. Injini mbili zilizotoka siku moja katika kiwanda kimoja huweza kuwa moja imebahatika, chumba chake cha mwako ni kidogo na mgandamizo wake ni mkubwa, na nyingine imepata kinyume cha hayo, na zote mbili zikawa halali kwa mchoro. Fundi hodari huichukua injini, huifungua yote, hupima kila kitu, kisha hukisogeza kila kipimo mpaka kwenye ukingo ule wa mchoro unaoleta nguvu. Akimaliza, hakuna kipimo hata kimoja kilicho nje ya maandishi ya kiwanda, na hata hivyo ameunda injini ambayo kiwanda kingeweza kuitoa kwa bahati tu, pengine moja katika maelfu. Je, huyu amevunja uasilia au ameutimiza? Mtu wa rai ya kwanza hana jibu, na hapo ndipo rai ya pili inapoanzia.

Watu wa rai ya pili wanasema kwamba uasilia ni jambo la vipimo, na vipimo ni jambo la kitabu. Mfano wake mkubwa ni daraja la NHRA liitwalo Stock Eliminator. Kwa kila injini inayokubaliwa humo, chama kimeweka maandishi: ujazo wake, kabureta yake, kiasi cha chini cha chumba cha mwako, kimo ambacho kamshafti huinua valvu, upana wa valvu zenyewe, na hesabu ya nguvu za farasi ambayo chama kinaikubali. Uzito wa gari ukigawanywa kwa nguvu hizo hutoa daraja dogo ambalo gari litaingia, na madaraja hayo madogo huitwa kwa herufi, yale yenye uzito mdogo kwa kila nguvu ya farasi yakiwa juu. Bloku, silinda hedi, manifoldi ya kuingiza hewa na kabureta sharti ziwe za aina iliyouzwa na gari lile. Njia za hewa ndani ya silinda hedi haziruhusiwi kuchongwa, wala kung'arishwa, wala kupanuliwa kwa kumiminiwa tindikali, hila ambayo ilivumbuliwa kwa sababu tindikali hula chuma bila kuacha alama ya patasi.

Mgeni akisoma masharti hayo hudhani kwamba gari la daraja hili ni gari la nyumbani lililooshwa vizuri. Akifika kiwanjani hushangaa kuliona gari la miaka ya 1960, lenye bodi zito la chuma, likiinua magurudumu yake ya mbele juu ya ardhi mara taa inapogeuka kijani. Siri imo katika yale ambayo kitabu hakikuyafunga. Ekzosi zenye mabomba marefu zimeruhusiwa. Matairi laini ya mbio yenye upana wa inchi 9 yameruhusiwa. Pistoni za watengenezaji walioidhinishwa na springi ngumu za valvu zimeruhusiwa. Kubwa kuliko yote ni habari ya kamshafti. Kitabu kinafunga kimo cha kuinua valvu, lakini hakifungi muda ambao valvu hukaa wazi. Basi mafundi wakachonga kamshafti ambayo huitupa valvu juu kwa ghafula mpaka kimo kile kilichoandikwa, huishikilia hapo kwa muda mrefu, kisha huirudisha kwa ghafula ile ile. Na ndiyo sababu ya springi zile ngumu, maana springi ya kiwandani isingeweza kuifuata kamshafti ya namna hiyo hata kidogo. Kipimo kilichoandikwa kimetimizwa kwa herufi zake, na injini imekuwa kiumbe kingine.

Wapo wanaoona katika jambo hili udanganyifu uliobarikiwa. Mimi sioni hivyo. Mashindano yaliyo na kitabu ni mapatano, na aliyetimiza mapatano hakumdhulumu mwenzake, kwa kuwa mwenzake anacho kitabu hicho hicho nyumbani kwake. Zaidi ya hayo, kitabu cha NHRA kina jambo ambalo mabishano ya barazani hayana, nalo ni ukaguzi. Katika mashindano makubwa, hasa yale ya U.S. Nationals yaliyohamia Indianapolis mwaka 1961, washindi wa madaraja hufunguliwa injini zao mbele ya wakaguzi: vyumba vya mwako hupimwa ujazo kwa kimiminiko kinachodondoshwa kutoka katika bomba la kioo lenye alama, kimo cha valvu husomwa kwa saa ya kupimia, na njia za hewa humulikwa kwa taa kutafuta alama ya kifaa. Aliyezidisha hata kidogo hupoteza ushindi wake. Hapana shaka kwamba wapo waliopita na hila zao mbele ya macho ya wakaguzi, lakini ni kweli pia kwamba kila mshindani hulala usiku akijua kuwa huenda kesho injini yake itakuwa vipande juu ya meza.

Sasa tumegusa injini na fundi. Hatujamgusa mshiriki wa tatu, naye ni kiwanda. Wale wanaosema kwamba kiwanda ndicho shahidi mwaminifu wa uasilia wamesahau kwamba, tangu mwisho wa miaka ya 1950, viwanda vya Detroit vilikuwa vyenyewe washindani. Ushindi wa Jumapili uliuza magari Jumatatu, na kwa hiyo viwanda vikaanza kutengeneza injini ambazo kiwandani zilikuwemo, katika orodha ya bei zilikuwemo, lakini kwa mtu wa kawaida hazikukusudiwa. Chevrolet ilileta injini ya inchi za ujazo 409, ambayo Don Nicholson alishinda nayo huko Pomona mwaka 1961, wakati magari yenye injini hiyo yalikuwa bado adimu katika maduka. Chrysler ikafuata mwaka 1962 na injini ya inchi 413 yenye kabureta mbili, na mwaka 1964 ikaleta Hemi ya inchi 426, yaani lita 7, iliyozaliwa kwa ajili ya viwanja vya mbio na kufika katika magari ya barabarani mwaka 1966. Ford nayo mwaka 1964 ilitia injini ya 427 katika gari dogo la Fairlane, ikalivika mabawa na boneti ya faibaglasi, ikaondoa taa mbili za ndani za mbele ili matundu yake yavute hewa, na ikaliita Thunderbolt. Nalo likakubaliwa miongoni mwa magari ya kiwandani, kwa kuwa kiwanda ndicho kilichoyafanya hayo yote.

NHRA iliona hatari hiyo mapema, ikaweka sharti la idadi: gari halitakubaliwa mpaka litengenezwe kwa hesabu iliyotajwa. Sharti hilo lilikuwa na hekima, illa lilifungua mlango mwingine. Kwa magari ya mwaka 1969 mfanyabiashara Fred Gibb wa La Harpe, Illinois, aliagiza kutoka Chevrolet magari 50 ya Camaro yenye injini ya ZL1, injini ya 427 iliyomwagwa yote kwa aluminiamu, ili kutimiza hesabu iliyotakiwa na chama. Injini peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,000 katika bei ya gari, wakati ambapo kiasi hicho kilitosha kununua gari zima lenye nguvu. Yalitengenezwa magari 69 kwa jumla, na mengi katika yale ya Gibb hayakupata wanunuzi, yakarudishwa. Kwa kitabu, ZL1 ilikuwa injini ya kiwandani kama ya teksi; kwa maisha ya watu, ilikuwa injini ya mbio iliyopewa namba ya duka.

Hila nyingine ya viwanda ilikuwa katika hesabu za nguvu. Maadam daraja la gari lilitegemea uzito kugawanywa kwa nguvu za farasi, kiwanda kilichotangaza nguvu pungufu kilimpa mteja wake faida kabla hajakanyaga mafuta, na kilimpunguzia pia macho makali ya makampuni ya bima. Ford ilipoleta Mustang ya 428 Cobra Jet ilitangaza nguvu za farasi 335. Gari hilo likafika Pomona Februari 1968, na Al Joniec akatwaa nalo ushindi wa daraja la Super Stock, kwa mwendo ambao hakuna aliyeamini kuwa ni wa farasi 335. Chevrolet ilitangaza kwamba injini ya Corvette iliyoitwa L88 ilikuwa na nguvu 430, pungufu ya ndugu yake wa 435 aliyekuwa mpole kuliko yeye, ilhali L88 kwa hakika ilizidi 500; na katika miaka mitatu, toka 1967 mpaka 1969, Corvette 216 tu ziliuzwa nayo. NHRA ikaamua kwamba haitaamini tangazo la kiwanda, ikajiwekea hesabu yake yenyewe ya kila injini. Mpaka leo upo utaratibu kwamba aina ya gari ikikimbia chini ya muda wa daraja lake kupita mpaka uliowekwa, hesabu ya nguvu zake hupandishwa, nayo hubebeshwa uzito ama huhamishwa. Na matokeo yake ya ajabu ni kwamba utawaona madereva wakikanyaga breki kabla ya mstari wa mwisho, kusudi wasioneshe ukomo wa mbio za magari yao.

Matangazo ya nguvu yalizidi kuwatatiza watu kuanzia magari ya mwaka 1972, viwanda vya Marekani vilipoacha kupima injini ikiwa tupu juu ya meza na kuanza kuipima pamoja na kichujio cha hewa, ekzosi na mikanda yake yote. Nguvu za vitabuni zikashuka kwa ghafula, baadhi kwa sababu injini zenyewe zilikuwa zimepunguzwa makali kwa ajili ya moshi na mafuta, na baadhi kwa sababu ya kipimo kipya tu. Anayelinganisha injini ya 1970 na ya 1973 kwa kusoma namba mbili analinganisha vitu visivyopimwa kwa mizani moja.

Tusidhani kwamba maradhi haya ni ya Marekani peke yake. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wanaokumbuka Safari Rally ya 1984, 1985 na 1986 wanaijua Toyota Celica iliyoshinda miaka yote mitatu. Nayo ilikuwa gari la Kundi B, ambalo kwa kanuni za kimataifa lilitaka magari 200 tu yatengenezwe ili lihesabiwe kuwa limetoka kiwandani. Popote penye sharti la idadi, kiwanda hutengeneza idadi hiyo na kusimama. Jambo hilo hilo limerudi katika mbio za dragi kwa karne hii: Ford ilitoa Mustang 50 za Cobra Jet mwaka 2008, Dodge ikafuata na Challenger Drag Pak, na Chevrolet ikatoa Camaro 69 ziitwazo COPO mwaka 2012, idadi iliyochaguliwa kwa kumbukumbu ya zile za ZL1. Magari hayo hayana ruhusa ya kutembea barabarani, na bado hupata nafasi katika daraja la magari ya kiwandani, kwa hoja kwamba yametoka kiwandani hivyo yalivyo. Mtu wa rai ya asili akiyatazama hana la kupinga. Hayo ndiyo yanayotimiza sharti lake kwa ukamilifu, na hayo ndiyo yaliyo mbali kuliko yote na gari la mtu wa Jumapili.

Kwa kuchoshwa na kitabu kinene, wapo walioanzisha mashindano ya namna yao. Huko Stanton, Michigan, hukusanyika kila mwaka watu wa Pure Stock, wenye magari ya enzi ile ya injini kubwa, ambao kwao manifoldi za ekzosi sharti ziwe zile za chuma cha kumwaga, kabureta iwe ile ya asili, na matairi yawe ya barabarani, ya kipimo cha zamani. Huyaweka pamoja magari mawili yenye muda unaokaribiana na kuyashindanisha raundi tatu, mwenye kushinda mbili ndiye mshindi. Mizani yao ni mchanganyiko wa asili na vipimo, na kwa sababu matairi ni membamba, tamaa ya kuongeza nguvu kwa siri hupata adhabu yake papo hapo: magurudumu huzunguka na gari halitoki.

Kundi jingine, liitwalo FAST, limechukua rai ya tatu, ile ya sura, na kuifikisha mwisho wake. Kwao gari lionekane kwa kila jicho kama lilivyotoka dukani, kuanzia rangi ya injini mpaka kisanduku cha kichujio cha hewa, na likimbie juu ya matairi ya mtindo na kipimo cha zamani. Lakini ndani ya injini fundi ana uhuru wa kutia krankshafti yenye mkono mrefu, pistoni zilizofuliwa na silinda hedi zilizochongwa kwa ndani. Gari ambalo siku zake za ujana lilikwenda robo maili kwa sekunde 13 au 14 hushuka mpaka 10 na chini ya hapo, nalo ni kama mwanamieleka aliyevalishwa kanzu ya bwana harusi. Hapana hadaa humo, maana wote wanaoingia wanajua. Bali hadaa huanza mtu anapoichukua sura ile na kuipeleka mahali ambapo watu wanaamini macho. Jim Wangers, aliyeitangaza Pontiac katika miaka ya 1960, alikiri baadaye kwamba gari la GTO walilopewa waandishi wa magazeti kulijaribu lilikuwa limetiwa injini ya inchi 421 mahali pa ile ya 389. Injini hizo mbili kwa nje zilifanana mno, na kufanana huko kulitosha.

Rai ya nne ni ya kizazi kipya, na mizani yake iko chini ya silinda hedi. Hawa husema kwamba injini ni ya kiwandani maadam bloku, krankshafti, konrodi na pistoni ni zile zile, hata kama juu yake imefungwa turbo kubwa kuliko kichwa cha mtu. Wana sababu. Injini ya Toyota 2JZ-GTE ya lita 3, inayojulikana na mafundi wetu kwa ajili ya magari ya Kijapani yaliyotumika, iliuzwa Marekani ndani ya Supra ikiwa na nguvu za farasi 320, nayo sehemu yake ya chini hustahimili zaidi ya mara mbili ya hizo. Injini za General Motors za jamii ya LS, zilizoanza na Corvette ya 1997 na kuenea katika malori madogo yanayojaa katika viwanja vya vyuma chakavu, zimewahi kupimwa zikitoa zaidi ya nguvu 1,000 huku vyuma vya chini vikiwa vya asili. Walakini hata hapa pana mlango wa daawa: wengi wao huzitoa pistoni na kuongeza mwanya wa ncha za ringi, kwa sababu joto la turbo hurefusha ringi mpaka ncha zikagusana na kuvunja pistoni. Aliyetoa ringi, akazipiga tupa, akazirudisha, vyuma ni vile vile, je, hajaigusa? Rai hii inapima uimara wa kazi ya kiwanda, na kwa kupima hilo inafaa sana. Kwa kupima usawa wa washindani haifai, kwa kuwa nguvu zote zinatoka katika sehemu ambayo imekataa kuitazama.

Kompyuta za injini zimeongeza shida ambayo taa ya mkaguzi haiwezi kuimulika. Katika injini ya leo, kiasi cha petroli, wakati wa cheche na kiasi cha hewa huamriwa na programu, na programu hubadilishwa bila kufungua hata nati moja. Mwenye kubadilisha anaweza kuapa kwamba injini yake haikuguswa, na spana zote za dunia zitamshuhudia. Dawa iliyopatikana ni lakiri: katika daraja la Coyote Stock la mashindano ya magari ya Ford, kila mshindani hununua injini ya lita 5 iliyofungwa kwa lakiri, na wote hutumia programu moja. Hapo uasilia umeacha kuwa historia ya gari na umekuwa kifungo ambacho huonekana iwapo kimekatwa au la.

Na upande wa mwisho kabisa wa njia hii liko daraja la Pro Stock, lililoanza mwaka 1970, Bill Jenkins alipomshinda Ronnie Sox huko Pomona. Mwanzoni lilikuwa na uhusiano wa karibu na magari ya maduka. Leo injini zake za inchi 500 humwagwa na kuchongwa kwa ajili ya mbio tu, hazipatikani katika gari lolote la barabarani, na huzungushwa mpaka mizunguko 10,500 kwa dakika. Hakuna anayedai kuwa hizo ni za kiwandani, na kwa sababu hakuna anayedai, hakuna anayebishana. Ubishi huzaliwa pale tu madai yanapokuwa yamekaribiana na ukweli.

Baada ya kuzipitia mizani hizi zote, hukumu yangu ni kwamba rai ya vipimo ndiyo iliyo karibu zaidi na haki, si kwa sababu haina matundu, bali kwa sababu matundu yake yanaonekana na wote na huweza kuzibwa kwa kalamu. Asili haithibitishiki pasipo kuamini kauli ya mtu, sura hudanganya, uzima wa chini hausemi lolote juu ya usawa, na tangazo la kiwanda limekwisha kuonekana kuwa ni kauli ya mshindani. Basi injini na iitwe ya kiwandani ikitimiza masharti matatu kwa pamoja: sehemu zake ziwe za aina waliyouziwa watu wote na gari lile, vipimo vyake viwe ndani ya mipaka iliyoandikwa na kujulikana kabla ya shindano, na mwenyewe awe radhi ifunguliwe. Sharti la kwanza linawabana wenye viwanda, la pili linawabana mafundi, na la tatu linatubana sisi sote tunaopenda kusema zaidi ya kupima.

Kwa anayejisifu, ombi ni dogo: asiseme tu kwamba injini yake ni ya kiwandani, ataje na kanuni za daraja gani. Kwa anayemsikiliza, ombi ni dogo zaidi: aulize kanuni kabla ya kumwita mtu mwongo. Na kwa anayetaka kununua gari la zamani kwa thamani ya uasilia wake, namba za bloku zisomwe na kipimo kichukuliwe na fundi asiye na fungu katika bei hiyo, kabla fedha hazijatolewa.